Waya wa Kijani Niliouacha kwa Ajili ya Mueni

Mkicheka, chekeni polepole, maana mimi mwenyewe nikikumbuka jioni ile naona haya kama imetokea leo asubuhi, na chini ya haya hiyo kuna kitu kingine kinachouma ambacho hata sijui nikiite nini.

Nilikuwa kijana wa kutoka Kakamega, fundi kwa mkandarasi mmoja wa stima, yaani umeme, katikati ya Nairobi, na Jumapili nikiimba sauti ya chini katika kanisa letu karibu na Dagoretti Corner. Sauti ya juu aliimba Mueni. Jamani, Mueni! Binti wa Mzee Kilonzo, karani wa serikali na mzee wa kanisa, Mkamba mrefu asiyecheka ovyo. Mwaka mzima nilimpenda Mueni kutoka upande wa pili wa kwaya bila hata kumshika mkono, kwa sababu babake alikaa katikati yetu kama ukuta (ukuta uliovaa tai). Halafu tukasikia Mueni amepata nafasi katika chuo cha ualimu huko Machakos, nami nikajua kwamba akiondoka kabla babake hajaniruhusu kufika kwao, basi nimemkosa.

Siku moja baada ya mazoezi Mueni aliniambia, "Mimi hii Nairobi sijaizoea bado. Kwetu usiku unaona nyota mpaka chini kwa milima." Mtu mwingine angesema pole yakaisha. Mimi nikatafuta debe la mafuta, nikalitoboa kwa msumari matundu mengi mengi, nikatia balbu ndani, ili likiwaka ukuta wote uwe nyota. Nilipanga kulitoa zawadi kwa ukumbi wa kanisa siku ya chai ya kumuaga, mbele ya babake, aone kijana ana mikono ya kazi.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo. Taa ya bati inataka nyaya tatu: mwekundu unaoleta stima, mweusi unaoirudisha, na wa kijani unaofungwa kwenye bati lenyewe, ili stima ikipotea njia iende zake ardhini isimpitie mtu. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini kamba ya nyaya tatu ilikuwa nene na mbaya, na dukani kulikuwa na nyingine, ya nyaya mbili tu, imefumwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu, nikaiona tayari iko mezani na Mueni anaitazama. Nikachukua ya dhahabu. Tena pale inapoingia ndani ya debe sikuweka hata kipande cha mpira, makali ya bati yakawa yanaila taratibu mpaka waya ukaligusa bati. Niliijaribu taa kazini, nikaipapasa huku na huku, sikusikia kitu (nilikuwa nimevaa akala, viatu vya mpira wa gari, na mpira haupitishi stima, lakini nani aliwaza viatu?).

Siku ya chai mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watu walikuja kwa miguu, wengine kutoka Waithaka, matope mekundu mpaka magotini, na akina mama waliokuwa wametoka kuosha sakafu mpya ya saruji wakaziba mlango. "Viatu nje! Wote! Hata wewe mzee!" Tukaingia miguu mitupu, sakafu bado imelowa. Madirisha yakafungwa, nikawasha taa. Nyota zilikuwa ukutani, kwenye mashati ya watu, kwenye shavu la Mueni. Akaniangalia, akatabasamu, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tena.

Mzee Kilonzo alisafisha koo. "Kijana amefanya kazi mzuri. Hii taa sasa ni ya Mungu. Tushikane mikono tuiombee."

Kanisani kwetu kitu kipya huombewa kikiwekewa mkono na mzee mmoja, wengine wote wakiwa wameshikana naye. Nikapenya penya (samahani kwa mama niliyemkanyaga) nikafika kando ya Mueni. Mkono wake ukaingia ndani ya wangu, mdogo, wa joto, nikasahau hata kufumba macho. Upande wa pili alikuwa ameshikwa na babake. Mzee akainua mkono wake mwingine, akaweka kiganja juu ya debe.

"Uuuwi!"

Stima ilimpiga mzee, ikampitia Mueni, ikanipitia mimi, ikafuata mstari, watu wazima wakarukaruka na miguu yao mitupu, meza ikapinduka, chai ikamwagika, debe likaanguka, balbu ikapasuka, giza. Huko nyuma mama mmoja akapaza sauti, "Roho ameshuka!" na watu wakaanza kulia na kushukuru, nami nusura niitikie amina nipone.

"Nyamazeni!" Mzee Kilonzo alisema. "Wewe fundi. Hii ni Roho ama ni stima?"

"Ni stima, mzee. Sikufunga waya ya kijani."

"Kwa nini?"

"Ile ingine ilikuwa inapendeza zaidi, mzee."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee peke yake hakucheka. "Na mtu kama huyu," aliuliza, "unaweza kumpatia msichana yako?"

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda mjini, mahali basi la Machakos lilipokuwa likipakia. Nilimwamkia babake kwanza, kama inavyopasa, nikanyoosha mkono. Mzee akautazama, akaitazama miguu yangu kama anayeogopa stima tena, akaingiza mikono yake yote miwili mfukoni. Na mkono ambao baba ameukataa, binti hawezi kuushika mbele yake. Mueni aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Haya, kaa salama," akapanda.

Niliapa sitafunga tena taa bila waya wa kijani, na sijafunga. Mueni aliolewa hukohuko Machakos, nami nikaoa mke mwema. Lakini basi lile lilipopinda kona nilikuwa bado nimenyoosha mkono, watu wakinipita, na mpaka leo sikumbuki niliushusha saa ngapi.