Jiwe Ambalo Sikulipata

Juzi nilipita tena kwa mtumbwi chini ya milima, nikipeleka vyungu gulioni Matema, na nikageuza uso. Mwanangu, aliyekuwa akipiga kasia, akaniuliza kama jua linaniumiza macho. Nikamwambia ndiyo. Wewe nitakuambia ukweli: sipendi kupatazama mahali ilipokuwa miamba yetu.

Ungeiona enzi zile, mwenzangu. Mawimbi yalikuwa yameila kwa chini, hata mmoja ukabaki umesimama juu ya kishingo chembamba, nasi watoto tukipita hapo tunainama usije ukatuangukia. Ule mkubwa kuliko yote ulikuwa umetobolewa tundu, upande huu hadi upande wa pili. Ziwa likichafuka lilinguruma humo ndani, na mawe madogo yakasagana kutwa kucha mpaka yakawa laini kama mayai.

Sisi wafinyanzi, jiwe la kusugulia chungu tulilitoa kwenye tundu lile tu. Msichana hakurithi la mama yake, maana kila mwanamke alizikwa na lake mkononi. Ukifinyanga chungu kikatoka motoni kikashika maji, bibi yako anakupeleka kiangazi, ziwa likiwa limepungua, unaingia kwa magoti unachagua linalokaa vizuri kiganjani. Kisha mnakaa nje mnakula ndizi za kuchoma na usipa, dagaa wa ziwani kwetu.

Vyangu vilivuja, vikavuja tena. Bibi yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Hatimaye kimoja kilishika maji, nikacheza uani mpaka nikaanguka.

"Subiri maji yapungue," akasema.

Hayajapungua, akaja Mdachi kutafuta mawe ya kujengea ghala, na baruti zake. Jirani yetu, aliyefanywa mnyapara, alipita nyumba kwa nyumba akiwatoa wanaume kwa kiboko. Bibi alimfuata kazini, akapiga goti.

"Baba, mwambie bwana wako avunje yote, atuachie lile tundu tu. Mjukuu wangu hajapata jiwe."

"Mama, mimi natumwa tu," akajibu bila kumtazama. Hata hivyo alimfasiria bwana wake. Mdachi akacheka, akaokota kipande kwenye kifusi, akamtupia bibi miguuni.

"Ndaga," bibi akasema, na kichwa ameinamisha. Asante ile inanichoma hadi leo. Mchana ule ule tundu likalipuliwa.

Vita vikaja, Mdachi akakimbia kabla ghala halijaezekwa. Kuta ziko pale pale, mbuzi wanalala ndani. Bibi alipofariki tulimwekea jiwe lake mkononi, nami nikalitazama mpaka udongo ukalifunika. Nililitamani, na nilimkasirikia kwa kunisubirisha.

Sasa nasugua kwa gunzi la mahindi. Wanunuzi hawaoni tofauti, na wajukuu wangu nao wanasugua kwa gunzi, hawaulizi kitu. Siku yangu ikifika watanikunja vidole kama desturi, wanizike mkono mtupu.