Siku Koplo Alipofunga Chaja

Mtaa mzima ulimwita Koplo, na ukitaja jina alilopewa na mama yake hakuna atakayekuonyesha nyumba. Alistaafu jeshini na cheo hicho hicho alichokaa nacho miaka nenda miaka rudi. Ukimuuliza kwa nini hakupanda, atakwambia jeshi lina makanali tele, ila dereva mzuri ni wa kutafuta kwa tochi. Tumwachie hiyo. Mtu mzima akijisifu kidogo hajamwibia mtu.

Alichorudi nacho uraiani ni lori. Hakupewa. Jeshi lilipopiga mnada magari yake chakavu, Koplo alikwenda kutazama tu, akaliona lile lile alilokuwa akiliendesha, majani yameota mpaka kwenye ringi, akashindwa kuondoka. Sheria ilimtaka abadilishe rangi, akalipaka buluu. Hata hivyo pale mlango unapochubuka, kijani cha zamani bado huchungulia. Lilibeba mchanga na mawe mpaka mgongo wa mwenye lori ulipochoka, kisha likaegeshwa uani chini ya paa la mabati. Likawa linatoka mara mojamoja tu, jirani akihama au shule ikiwa na madawati ya kupeleka mahali.

Sasa lori likilala, betri nazo hulala, na betri ikilala sana haiamki. Lile lilikuwa na mbili, kubwa, chini ya kiti cha pembeni, zimeungwa pamoja ili volti kumi na mbili za hii zijumlike na za ile. Dawa yake ilikuwa moja tu: kuliwasha kila wiki. Na hapo ndipo anapoingia Wa Pili.

Wa Pili aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa dereva wa pili wa lori hilo tangu ujana wao. Koplo akishika usukani, yeye alikaa pembeni kusoma njia, kukagua maji na oili, na kusinzia pale alipopewa ruhusa. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, binti yake wa pekee ameolewa mji wa mbali, naye alipanga chumba kimoja ng'ambo ya mto, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kila Jumamosi asubuhi alikuja kwa miguu na chupa ya maji ya betri kwapani. Alifungua mlango wa lori kwa ufunguo wa akiba aliokuwa akiutunza, akainua kiti, akakagua, akafunga, akasema "Tayari." Koplo hakugusa swichi kabla ya kulisikia neno hilo. Angeweza kukagua mwenyewe, mikono anayo na macho anayo. Lakini jeshini dereva hawashi gari ambalo mwenzake hajalikagua, na wazee hawa walivua sare, desturi hawakuivua.

Injini ikishapata joto waliizima, wakabaki humo humo ndani, kila mmoja kwenye kiti chake. Waliongea nini? Hakuna cha maana. Magoti, bei ya dizeli, na afande mmoja wa zamani aliyewatetemesha wanaume mia lakini yeye, akiona mbuzi, hupanda juu ya meza. Kicheko chao kilisikika mpaka barazani, ambako mke wa Koplo alikuwa na cherehani yake. Alikuwa akiwapelekea chai, na mara nyingine akiwauliza kama safari hiyo ya kutokwenda popote inahitaji kweli madereva wawili.

Mambo yaliharibika msimu wa mvua. Goti la Wa Pili lilivimba, akakosa Jumamosi moja, akakosa na ya pili, na Koplo naye, kwa ile desturi yao, hakuliwasha peke yake. Shule ikaja kutaka lori la kubeba madawati. Walimu wamesimama uani, madawati yamepangwa shuleni yanasubiri, Koplo akapiga swichi na lori likatoa sauti ya mtu anayesafisha koo, basi. Mtu mmoja akasema labda linasubiri amri kutoka makao makuu. Watu walicheka, na Koplo, ambaye huwacheka wengine bila shida, hakuona kichekesho.

Wiki iliyofuata Wa Pili alifika akichechemea, matope mpaka magotini, akaomba radhi kama askari aliyepoteza risasi. Koplo akamwambia si neno. Moyoni lakini alikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa huruma: mzee mwenzake ataumia kwa ajili ya chuma kikuukuu. La pili lilikuwa kinyongo cha ile aibu ya madawati. Baadaye alijitahidi sana kukumbuka lile la kwanza tu, asifanikiwe.

Basi akaenda kwenye gereji za barabara kuu, akamtafuta fundi umeme wa magari, mwanamama mmoja mwenye maneno machache na mkono mwepesi. Fundi akamshauri chaja ya kutunza betri, kijisanduku kidogo ambacho ukishakichomeka kwenye umeme wa nyumbani, hulisha betri kidogo kidogo na kujipumzisha zikishiba. Akamwonya achukue ya volti ishirini na nne. Wapo wanaonunua ya kumi na mbili wakaiunga kwenye betri moja, ikawa moja inashiba na mwenzake analala njaa, mwisho zinakufa zote.

Fundi alikuja kuifunga siku ya Alhamisi. Aliinua kiti, akazisugua nguzo za betri kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, akazipaka grisi. Chaja akaikaza kwa boliti kwenye bati la nyuma ya kiti, juu, maji yasiifikie. Waya mwekundu akaupitisha kwenye fyuzi, akaufunga kwenye chanya ya betri ya kwanza. Mweusi akaufunga kwenye hasi ya betri ya pili, na kile kipande kinachounganisha betri mbili katikati hakukigusa kabisa. Pale waya unapopenya bati alivisha mpira, usije ukachubuka siku ya safari. Koplo alikuwa akimshikia tochi na kuuliza maswali ya dereva mzuri. Mwisho fundi akachomeka. Taa ikawaka nyekundu, na kesho yake asubuhi Koplo alipokwenda kuchungulia, akaikuta kijani. Alifurahi, tusimnyime haki yake. Alimwita mkewe aje aone.

Mkewe alikuja, akaona, akauliza kama Wa Pili anajua.

Koplo akasema atajua Jumamosi. Jeshini alizoea kwamba jambo likishaamuliwa wa chini huarifiwa, haulizwi, na katika maisha yake yote Wa Pili ndiye mtu pekee aliyewahi kuwa chini yake.

Jumamosi ikafika. Wa Pili akafungua mlango, akainua kiti, akaganda. Koplo akamweleza yote, kwa mbwembwe. Wa Pili akachuchumaa kwa shida, akavuta waya huu na ule kuona kama zimekaza, akaitazama fyuzi, akagusa ule mpira kwa kidole.

"Kazi safi," akasema. "Inajiendesha yenyewe?"

"Yenyewe kabisa. Mvua inyeshe, goti liume, yenyewe tu. Huna haja ya kuhangaika tena."

Maneno hayo Koplo alikuwa ameyaandaa tangu jana yake, na aliyaona ni ya upendo. Wa Pili akainuka. Akaiweka chupa ya maji kwenye kidaraja cha mlango, akautoa ufunguo wa akiba kwenye kamba aliyoivaa shingoni, akasimama wima kadiri goti lilivyomruhusu.

"Ufunguo wa akiba, maji ya betri," akasema. "Nimekabidhi."

Koplo akacheka. Alidhani wanataniana, kwani lini hawakutaniana? Akapiga visigino, akapokea ufunguo, akajibu kama anavyojibu anayepokea zamu: "Nimepokea."

Kwako wewe na mimi hayo ni maneno tu. Kwa watu waliolelewa kambini ndio mwisho wa kazi. Ukishakabidhi na mwenzio akasema amepokea, lindo si lako tena, huulizi, hurudi nyuma kutazama, unakwenda zako. Koplo aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini alikuwa anaitazama ile taa ya kijani.

Wa Pili alikunywa chai yake kwa kusimama, akamsifia mke wa Koplo nguo aliyokuwa akiishona, akaondoka jua halijawa kali. Jumamosi iliyofuata hakuja. Koplo akasema ni goti. Ile ya baada yake akasema ni mvua, ingawa jua lilikuwa linachoma. Akaingia peke yake kwenye lori, akakaa kidogo, akaona upumbavu, akashuka.

"Umemfukuza rafiki yako," mkewe akamwambia, macho kwenye sindano.

"Nimempumzisha."

"Alikuomba apumzike?"

Koplo akatoka kwenda kufagia ua uliokuwa umeshafagiwa. Alikuwa mtu wa kiburi kile kisicho na kelele. Alimpigia Wa Pili simu, wakaulizana afya, goti likaulizwa, dizeli ikasemwa. Koplo akamaliza kwa kusema, karibu siku moja. Wa Pili akasema atakuja. Koplo alipokata simu akajisikia vibaya, maana karibu siku moja ni maneno ya kumwambia mtu mliyekutana naye msibani, si mtu mliyelala naye chini ya lori moja miaka yote hiyo. Alichotaka kusema kilikuwa kifupi: njoo, nakukosa. Hakikutoka.

Na kila akipita uani, taa ilikuwa kijani. Chaja haikuwa na kosa lolote. Betri zilikuwa na afya kuliko zilivyowahi kuwa, na ukipiga swichi lori lilinguruma mara moja. Ndicho kilichomuuma. Kingeharibika kitu angekuwa na sababu ya kumwita mtu.

Siku moja aliamka akakata shauri. Atakwenda mwenyewe, atasema lililo moyoni, na mkubwa akiomba radhi hapungui kilo. Alikwenda kwa miguu. Hakuwahi kuitembea njia ile. Alizoea kuzunguka kwa gari kupitia barabara kuu. Akashuka bondeni, akavuka daraja la miguu, akapanda kilima cha kiwanda cha matofali ambacho kwenye lori hakuwahi kujua kama ni kilima. Alipumzika njiani zaidi ya mara moja, jasho linamtiririka, na magoti yake hayakuwa na ugonjwa. Hapo ndipo alipoelewa. Mtu hapandi kilima hiki kila wiki, mguu unauma, kwa ajili ya betri. Koplo alisimama kando ya njia, mtu mzima yule, akajifuta uso kwa kofia, na kilichofutwa hakikuwa jasho peke yake.

Alikuta mlango wa chumba uko wazi. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba, sufuria zimeingizwa kwenye ndoo, ukuta umebaki na misumari tu. Wa Pili alikuwa amekaa kwenye kiti cha pekee kilichobaki, amevaa shati la kutokea. Binti yake alikuwa anafunga sanduku. Alipomwona Koplo aliacha kamba, akaja, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba mkubwa. Afadhali umekuja, ningekutafuta kabla hatujaondoka. Miaka yote namwomba baba aje akae na sisi, wajukuu wake hawamjui. Jibu lake lilikuwa moja: Jumamosi ana kazi, Koplo anamtegemea. Nikimpigia, hivyo. Nikituma mtu, hivyo. Sasa juzi ananiambia mwenyewe, njoo unichukue, Koplo ameniruhusu." Macho yake yalikuwa yanang'aa machozi. "Mungu akulipe, baba mkubwa. Umenirudishia baba yangu."

"Marahaba, mwanangu," Koplo akasema.

Akamtazama Wa Pili juu ya bega la binti. Wa Pili naye alikuwa anamtazama, kwa utulivu, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo na hana haraka nalo. Koplo alifungua mdomo. Aliyapanga maneno yote njia nzima, mpaka kilimani. Lakini mikono yake bado ilikuwa imeshikwa, na binti bado alikuwa anashukuru.

"Betri hazijambo?" Wa Pili akauliza.

"Hazijambo kabisa."

"Nilikuambia ni kazi safi."

Gari la kukodi likapiga honi nje. Koplo akainama, akalibeba lile godoro begani, akalipandisha juu ya gari na kulifunga kwa fundo la jeshi, lile lisilofunguka njiani. Wa Pili akasaidiwa kupanda mbele, pembeni ya dereva. Wakapeana mkono kupitia dirishani, mkono mrefu, wa kutoachiana, mpaka dereva akakohoa.

Koplo alirudi alivyokwenda. Mkewe alikuwa barazani, akasimamisha cherehani alipomwona anaingia, akamsogezea kiti. Akampa maji ya kunywa, na alipoyamaliza akamuuliza.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia," Koplo akasema. "Binti yake alikuwa ananishukuru."