Wanaume Ishirini na Tatu wa Mama Nekesa

Ilianza kwa sababu mtu fulani huko Ohio alipata mchumba, akapoteza hamu ya besiboli. Mukhisa, aliyefanya kazi na mtu huyo kwenye ghala moja la mizigo, akabaki na ligi ya watu kumi na mmoja, na watu kumi na mmoja hawawezi kucheza wawili wawili. Akampigia simu dada yake Kitale.

Everlyne Nasambu alikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, mzaliwa wa Bumula. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupima maziwa ya wakulima katika chama kimoja cha ushirika nje kidogo ya mji. Besiboli hakuwa ameiona hata siku moja. Mukhisa alimwambia hilo si neno, huu ni mchezo wa simu tu. Unachagua wachezaji ishirini na tatu wa kweli, wenyewe wanacheza huko kwao bila kujua kama wewe upo duniani, na wanachofanya uwanjani kinahesabiwa kwa timu yako. Kila wiki unapambana na mtu mmoja, na mnapimana kwa vitu kumi: wapigaji wa nani wamepiga zaidi, warushaji wa nani wameruhusu mikimbio michache, yaani pointi za wapinzani, na mambo kama hayo.

"Wewe utaweka tu majina, siste," alisema. "Hata ukisahau, hakuna shida."

Wiki tatu za kwanza Everlyne aliweka tu majina, na alipigwa mpaka watu wa ligi wakaanza kumhurumia. Waliandika kwenye kikundi chao kwamba anajitahidi. Hilo neno lilimkera. Ni neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia wakulima wenye ng'ombe wabaya.

Asubuhi moja, wakati akingoja mikebe ya kwanza ifike, alifungua ukurasa wa mchezaji mmoja na kwa mara ya kwanza akausoma badala ya kuuangalia. Nambari za jana, za wiki, za mwezi, za mwaka uliopita. Everlyne akavuta kiti. Hii ilikuwa rekodi ya maziwa. Rekodi kama hizo alizijua kuliko alivyojua nyimbo za kanisani. Alijua kwamba kuna ng'ombe anayepunguza maziwa kwa sababu amebadilishiwa majani, na huyo ukimpa wiki mbili anarudi. Na kuna yule anayepunguza kidogo kidogo kwa sababu kiwele kinaoza ndani kwa ndani. Mkulima mjinga humuuza wa kwanza kwa hasira na kumweka wa pili kwa mapenzi. Alipoangalia ligi ya Mukhisa aliona watu kumi na mmoja wajinga wa aina hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Akaanza kazi. Mtu anayelaumiwa na ligi nzima kwa sababu ya siku kumi mbaya, yeye alimwokota. Mtu anayeshangiliwa kwa sababu ya siku kumi nzuri, yeye alimwacha. Majina yao yalimshinda kutamka, kwa hivyo aliwabatiza upya. Mrushaji wake mkubwa, ambaye mechi zake mbili za kwanza ziliahirishwa kwa mvua, alimwita Wafula, jina la mtoto wa mvua. Mpigaji mmoja mnene aliyepitisha wiki nzima bila kugusa mpira akawa Wanjala, wa njaa. Kufikia mwisho wa Mei alikuwa na nusu ya Bumula kwenye timu yake.

Mwezi wa saba Mukhisa akamletea biashara. Alitaka kumpa mrushaji mmoja maarufu ili achukue Wanjala, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshiba na kupiga kila kitu. Alimsifu mrushaji wake kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Everlyne alisikiliza wote, kisha akaenda kusoma rekodi. Mpira wa yule mtu ulikuwa ukipungua kasi kwa mwezi mzima, kidogo kidogo, na kila mechi alikuwa akitolewa mapema kuliko ile iliyotangulia.

"Huyu wako anachechemea," alimwambia.

"Hapana, bana. Si unaona anashinda?"

"Anashinda, lakini anachechemea. Mpe mtu mwingine."

Mukhisa akampa mtu mwingine kweli, Mkenya mwenzao wa hapo ghalani aliyeitwa Muchiri. Baada ya siku kumi na mbili yule mrushaji alipelekwa kupasuliwa kiwiko. Muchiri aliandika kwenye kikundi maneno ambayo Everlyne hakuyatarajia kwa mtu aliyekuwa na picha ya kwaya, kisha akamtumia yeye ujumbe wa faragha, wa heshima nyingi, akiuliza ni nani tena anachechemea. Wengine wakafuata.

Kisha shida ilizaliwa pale pale kwenye kipimo cha maziwa. Everlyne alikuwa na tabia ya kumjibu Mukhisa kwa ujumbe wa sauti huku akiendelea na kazi, na asubuhi moja nyuma yake alisimama Sally, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, amekuja kuulizia maziwa ya harusi. Alichosikia Sally ni hiki: kwamba Everlyne ameachana na yule wa Texas kwa sababu mkono wake umeharibika na yeye hana wakati wa kuuguza mtu. Sasa amechukua Mjapani. Mjapani bado ni kijana na ana nguvu, na kama atachoka, kuna wawili wa Dominika wanangoja.

Jumamosi iliyofuata akina mama watatu walifika nyumbani kwake na mkate, sukari na nyuso za msiba. Everlyne aliwapikia chai. Mmoja aliomba, na katika maombi alitaja upweke, simu za kisasa, na wanaume wa nchi za mbali. Everlyne akafikiri wanamwombea Nekesa, binti yake aliyekuwa chuo cha uuguzi huko Bungoma, na akasema amina kwa nguvu. Ndipo Sally akasogeza kiti.

"Mama Nekesa, sisi hatukuhukumu. Lakini tuambie tu. Wako wangapi?"

Everlyne, aliyekuwa ameshika simu kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kupanga timu, alijibu ukweli.

"Ishirini na tatu. Lakini wawili ni wagonjwa."

Ilichukua vikombe viwili vya chai kulinyoosha jambo hilo, na hata baada ya kunyooka, mama mmoja aliondoka bila kuamini. Sally hakuondoka. Aliuliza kama Mjapani ana mke. Akauliza kwa nini Wanjala, mwili wote ule, amewekwa nje siku hiyo. Everlyne alimweleza kwamba mrushaji wa upande ule anatumia mkono wa kushoto, na Wanjala akiona mkono wa kushoto anakuwa kama mtu anayefukuza nzi. Sally alifikiri, akasema mume wake wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Tangu wiki hiyo alikuwa akipita kila Jumamosi, na mkate haukuhitaji tena sababu.

Mwezi wa tisa ligi ikafika nusu fainali. Everlyne alikuwa wa pili katika msimu mzima, Mukhisa wa tatu, kwa hivyo wakakutana wao kwa wao. Kufikia Jumapili, siku ya mwisho, walikuwa tano kwa tano, na kanuni ilisema sare inampitisha aliyemaliza juu. Yaani yeye. Kitu kimoja tu kilimtisha: wastani wa mikimbio, ambao aliushika kwa tofauti ndogo sana. Na siku hiyo Wafula, mtoto wa mvua, ndiye alikuwa arushe. Akirusha vizuri, sawa. Akirusha vibaya, ule wastani unaenda kwa Mukhisa na msimu umekwisha.

Baada ya ibada walikaa na Sally nje ya kanisa, kila mmoja na miwani yake. Everlyne alisema Wafula ndiye amewafikisha hapa, kumweka nje ni utovu wa adabu. Sally alisema Wafula hajui kwamba wao wapo. Everlyne aliangalia rekodi mara tatu akitafuta sababu ya kumchezesha, na kila mara alichopata ni mapenzi. Akamweka benchi. Akajionea aibu.

Jumatatu asubuhi alifungua simu kabla hata ya kuosha uso. Wafula alikuwa amerusha mechi yote bila kuruhusu mkimbio hata mmoja, siku yake nzuri kuliko zote za mwaka, na haikuhesabiwa kwa mtu yeyote. Lakini Mukhisa, kwa haraka ya kupita, alikuwa amechezesha warushaji watatu, na wawili kati yao walichapwa mpaka wastani wake ukaharibika kabisa. Everlyne alikuwa fainali.

Hakukuwa na ujumbe wa pongezi. Siku nne zikapita. Siku ya tano mama yao alipiga simu kutoka Bumula.

"Umemfanyia nini mtoto wangu?" aliuliza. "Amenipigia anahema tu. Kama ni lile shamba la mtoni, mrudishie."

"Mayi, si shamba. Ni mchezo."

"Basi mrudishie mchezo."

Jioni hiyo Everlyne akapiga mwenyewe. Mukhisa alipokea, akakohoa, na baada ya kuzunguka sana akatoa lililomkwama. Katika ligi yao mtu wa mwisho huvaa gauni la bibi harusi kwenye karamu ya wafanyakazi. Yeye alikuwa amelivaa miaka miwili mfululizo. Alimwingiza dada yake ili kuwe na mtu wa kuwa chini yake, tena mtu ambaye yuko mbali na hataweza kuvalishwa, na sasa mtu huyo huyo ndiye aliyemtoa.

"Miaka miwili?" Everlyne aliuliza.

"Lina mkia mrefu, siste. Nilianguka kwa ngazi."

Everlyne alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mukhisa alijaribu kukasirika, akashindwa, na wote wawili wakacheka kwa muda ambao hawakuwa wamecheka pamoja tangu aondoke nyumbani, miaka tisa iliyopita.

Fainali alishindwa. Alipigwa saba kwa tatu na mzee mmoja wa stoo ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, huchagua wachezaji kwa kufuata rangi ya jezi. Sally alisusa chai siku hiyo.

Msimu ukaisha, kurasa za nambari zikasimama, na Everlyne akabaki na maziwa tu. Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja Mukhisa akapiga. Hakuwa na la kusema kuhusu besiboli. Aliuliza kama mvua imekatika, kisha akaeleza juu ya goti lake, juu ya jirani anayepika samaki usiku, juu ya tofauti kati ya aina mbili za bima. Alipiga tena Jumapili, na tena Jumanne. Kufikia Krismasi Everlyne alikuwa akiwasha spika ya simu, akiiegemeza kwenye kopo la sukari, akiosha vyombo vyote, akivifuta na kuvipanga, huku akisema "eeh" kila baada ya muda na kuhesabu siku zilizobaki kabla besiboli haijarudi.