Rwamba Wawili

Jambo la kwanza Wanja alilojua kuhusu Meru ni baridi. Alitolewa Embu katika lori la magereza akiwa na mimba ya miezi sita, na aliposhushwa kwenye gereza la wanawake, umande ulikuwa bado juu ya nyasi saa nne asubuhi. Kwao Gachoka, saa hizo hata mbuzi wameshatafuta kivuli. Alipewa gauni la mistari, blanketi mbili na mkeka, akaambiwa hapo ndipo atakapokaa miaka kumi.

Kosa lake halikuwa na fumbo. Wakati wa kupura ndengu, mumewe, Mugendi, alirudi uwanjani amelewa, akaanza kumpiga kama alivyozoea. Siku hiyo Wanja alikuwa na fimbo ya kupuria mkononi. Alimpiga mara moja, juu ya sikio, na Mugendi akaanguka kwenye maganda ya ndengu asiinuke tena. Mahakama ilisema hakukusudia. Mama yake Mugendi, Rwamba, alisikiliza kesi kutoka benchi la mbele tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Mtoto alizaliwa miezi mitatu baada ya lori lile. Alikuwa msichana, na kwa Wambeere binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Karimi, mwanamke wa Kinoru aliyelala mkeka wa pili, alimshauri aachane na desturi. Mtoto aitwe Neema au Joy, jina lisilo na mwenyewe. Wanja alikataa. Alimwambia karani aandike Rwamba. Aliamini kwamba mwanamke hawezi kumchukia mtoto anayebeba jina lake, na kwamba siku moja jina hilo litamwombea msamaha ambao yeye hakuwa na mdomo wa kuuomba.

Wafungwa walilifanya jina hilo mchezo. Mtoto akilia, Karimi aliita kutoka kwenye chumba cha kusuka vikapu, "Wanja, mama mkwe wako ana njaa." Akijikojolea, aliulizwa kama hivyo ndivyo wanavyotunza wakwe huko Mbeere. Wanja alicheka pamoja nao. Alimwogesha mama mkwe, akamlisha uji, akamkanya asile udongo.

Rwamba mdogo alikua ndani ya ukuta. Hakuwahi kuona mbuzi wala moto wa kuni. Mwanamume aliyemfahamu ni mmoja tu, padri wa Jumapili, naye alimwogopa. Afande yeyote akipita, mtoto alichuchumaa na kuweka mikono magotini, kama alivyoona mama yake akifanya wakati wa kuhesabiwa.

Sheria inamruhusu mtoto kukaa na mama yake gerezani mpaka afikishe miaka minne. Ilipobaki miezi miwili, ofisa wa ustawi, Bi Kagwiria, alimwita Wanja. Kakake Wanja, Ireri, alikuwa amejibu kwamba nyumba yake imejaa. Ilibaki kumtafuta bibi, mama yake Mugendi. Akikataa, mtoto angepelekwa katika makao ya watoto mjini, ambako kila mwezi watoto huletwa kuwaona mama zao.

Barua ilitumwa Gachoka kupitia kwa chifu. Wiki sita zilipita kimya. Karimi alisema kimya ni jibu, na kwamba makao si mabaya. Wanja alianza kuyazoea makao hayo kichwani: Jumamosi moja kila mwezi, saa mbili za kukaa na mtoto.

Kisha, Alhamisi moja, mama mkwe akaja.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi, sweta limefungwa vifungo vyote, kikapu miguuni. Alikuwa amekonda. Wanja, akiwa na mtoto, alipiga magoti mlangoni na kumsalimu.   Rwamba alikuwa akimtazama mtoto.

"Unaitwa nani?"

"Rwamba."

"Nani alikupa hilo jina?"

Mtoto alimwonyesha mama yake kwa kidole. Bibi alimgeuza kichwa polepole, akaliangalia sikio lake kwa muda. Lilikuwa sikio la Mugendi.

"Sikukujia wewe," alimwambia Wanja. "Nimefuata jina langu. Lisilelewe na serikali."

Bi Kagwiria alieleza kwamba mtoto anaweza kuletwa kumwona mama yake. Rwamba akasema hatamleta. Wala asitumiwe barua wala salamu.

"Akiuliza juu ya baba yake?" Wanja alisema.

"Nitamwambia alikufa wakati wa kupura ndengu. Si uongo."

"Na mama yake?"

"Mama yake ni mimi."

Bi Kagwiria aliweka fomu mbili mezani, ya bibi na ya makao, na kusema, kwa sauti ya kazi, kwamba Wanja ndiye wa kuchagua na halazimishwi. Wanja alizitazama. Moja ilikuwa na Jumamosi zake zote. Wakati huo askari wa lango aliingia kuchukua funguo, na mtoto akachuchumaa haraka, mikono magotini.

Rwamba alimshika mkono akamwinua.

"Simama," alisema. "Kwetu hatuchuchumai."

Mtoto alibaki amesimama, akimwangalia askari, akingoja kukemewa. Askari alichukua funguo akaenda zake.

Wanja aliivuta fomu ya bibi na kutia sahihi. Rwamba alitoa gauni dogo la manjano kwenye kikapu, akamvalisha mtoto palepale na kulikunja lile la zamani. Hakulichukua. Alimweka mtoto mgongoni, akamfunga kwa leso, ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Kilio kilianza langoni na kikaendelea mpaka barabarani.

Jioni wanawake walichuchumaa uani kwa safu za watano. Karimi alikuwa pembeni mwa Wanja. Afande alihesabu mara moja tu, akaandika, akafunga daftari. Hesabu ilikuwa sawa. Mtoto hakuwahi kuwemo.