Fundi wa Majengo anayeanika simu kwenye baridi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua bado linasitasita kutoka, na Bertila Sikazwe anaanika simu.

Si utani. Mbele ya kibanda chake cha ufundi pale Majengo, mjini Sumbawanga, ameweka ubao juu ya matofali, na juu ya ubao amepanga simu kumi na moja. Zote zimewashwa, zote zina chaji nusu, na zote amezifunika kwa nailoni nyepesi umande usije ukaziharibu. Ni Julai, mwezi ambao Sumbawanga ukiongea unaiona pumzi yako. Mwenyewe amevaa makoti mawili, na miguuni ana soksi za mumewe ndani ya kandambili.

"Fundi, leo hujazivalisha sweta?" anampigia kelele dereva wa bodaboda anayepita.

"Zikivaa sweta zitanidanganya!" anamjibu bila kugeuka.

Haipiti nusu saa, simu mbili zinazima ghafla, chaji yao nusu ikiwa pale pale. Bertila anazinyanyua na kutikisa kichwa. Ndani ya kibanda, karibu na jiko la mkaa, hizo hizo zingewaka mpaka mchana na mwenyewe angeondoka nazo akishukuru. Baridi imezifichua. "Hizi hazijapona," anasema. "Zinarudi wodini."

Mwisho wa ubao kuna nafasi ya simu ya kumi na mbili, na iko wazi. Hiyo ndiyo inayomtesa. Ni nafasi ya simu ya Mzee Kasimiri Kapele wa Chala, ambayo iko ndani haina betri, na betri yake iko njiani, kwenye basi la kutoka Mbeya. Leo ni Ijumaa. Jumapili kigango cha kanisa la mzee huyo kinaadhimisha miaka hamsini, na wimbo alioutunga kwa ajili ya siku hiyo umo ndani ya simu hiyo. Hauko mahali pengine popote duniani.

"Ikigoma hiyo, sijui nitamtazama mzee kwa macho gani," anasema.

Ana sababu. Mwaka juzi, aliyeitangaza simu hiyo kuwa imekufa ni yeye mwenyewe.

Bertila ana miaka thelathini na sita na ni mama wa watoto wawili. Alizaliwa kwenye familia ya wakulima wa mahindi na ulezi, akaja mjini kuuza kava na chaja kwenye duka la mfanyabiashara mmoja. Ufundi aliudokoa kwa macho kwanza, halafu akaenda kuusomea Mbeya kwa miezi sita. Duka alilofanyia kazi liliuza pia simu mpya, na mteja akija na simu nzito, jibu lilikuwa moja tu: imezeeka, chukua hii hapa.

"Nilikuwa nasema kwa roho safi kabisa," anakumbuka. "Simu ukiibonyeza inakaa inafikiria, nilijua basi, ndiyo siku zake. Namwambia mtu pole, utadhani daktari. Na mtu ananiamini, maana mimi ndiye fundi."

Ndipo akaingia Mzee Kasimiri, asubuhi moja ya Julai, simu yake akiwa ameifunga kwenye kitambaa. Alieleza shida yake vizuri, hatua kwa hatua. Simu imekuwa nzito. Asubuhi akienda nayo shamba inazima. Akirudi akaiweka kando ya moto, inaamka. Akamaliza kwa kusema: "Mwanangu, hii haijafa. Inasikia baridi tu."

Duka zima lilicheka, na Bertila alicheka kuliko wote. Alipoifungua akakuta betri imevimba kwa joto la jikoni. "Babu, umeipika!" akamwambia. Akairudisha kwenye kitambaa na kumpa pole. Mzee akashukuru, akaondoka zake.

Ukapita mwaka. Julai nyingine, Bertila akiwa njiani kwenda sokoni alfajiri, simu yake mwenyewe ikazima, na chaji ilikuwa asilimia arobaini. Akaitia kwapani huku akilalamika. Alipofika sokoni, ikawaka.

"Nilisimama pale pale katikati ya vitunguu," anasema. "Nikamkumbuka yule babu. Mungu wangu! Babu alinipa jibu lote mkononi, na mimi nikamcheka."

Alibadilisha betri ya simu yake. Si tu kwamba iliacha kuzima. Uzito wake wote ulikwisha pia. Simu aliyoivumilia miezi minane ikawa inafunguka haraka, ile ya siku za kwanza. Akampigia mwalimu wake wa Mbeya, akaulizia, akasoma, mpaka akaelewa.

Siku hizi anawaeleza wateja kwa lugha nyepesi. Asubuhi hii anamweleza Suma, mwalimu wa sekondari aliyehamia kutoka Mbeya, ambaye amekuja kuuliza bei ya simu mpya. Betri ikichakaa, anasema, haiwezi tena kutoa nguvu nyingi kwa mara moja, na kwenye baridi ndiyo inashindwa zaidi. Simu ikiomba nguvu ikakosa, inazima. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji wameziwekea simu zao utaratibu: zikiona betri imechoka, zinapunguza mwendo zenyewe ili zisizime ovyo.

"Kwa hiyo wananipunguzia mwendo mimi nikiwa sijui?" Suma anauliza, sauti imempanda.

"Kupunguza mwendo si vibaya, mwalimu. Bora simu itembee pole pole kuliko ikuzimie ukiwa unaita msaada. Mimi nagombana na ukimya wao. Wamwambie mtu! Mtu anatupa simu ya laki nne kwa sababu ya betri ya elfu ishirini na tano. Inauma."

Anamwonyesha mahali pa kuangalia hali ya betri kwenye simu yake. Suma anasoma, anaguna, na bei ya simu mpya haiulizii tena. Bertila anamwonya pia kwamba si kila simu nzito ni betri. Nyingine zimejazwa tu picha na video za harusi za watu.

Baada ya ugunduzi ule, Bertila aliacha kazi dukani na kufungua kibanda hiki. Siku nzuri anaingiza elfu kumi na tano hadi elfu ishirini, siku mbaya anakula samaki wa mkopo wa jirani yake Salome, muuza migebuka ya Kabwe, Ziwa Tanganyika. Na kabla ya kutundika hata kibao cha jina, alikaa akaandika watu wote aliokumbuka kuwaambia simu zao zimekufa. Wakafika kumi na saba. Akaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Wa kumi na mbili kumpata ni Mzee Kasimiri, na huyo hata jina alikuwa halijui.

Juni mwaka huu alikwenda mnadani Chala, akawa anauliza wauza nguo kama wanamfahamu babu aliyepika simu. Kina mama walicheka wakashikana mabega. "Huyo si mwalimu Kasimiri wa kwaya!"

"Shikamoo, babu," akamwamkia alipomkuta kwake.

"Marahaba." Mzee akamtazama sana. "Wewe si ndiye daktari uliyeniandikia cheti cha kifo?"

Mzee Kasimiri ana miaka sabini na moja na hajui kusoma nota. Hutunga akienda shamba, akiiimbia simu njia nzima. Nyimbo thelathini na moja zilikuwa humo. Simu ilipotangazwa imekufa, akanunua kitochi cha kupigia tu, akajaribu kuukumbuka wimbo wa miaka hamsini. Kiitikio kilikuja. Beti hazikuja.

"Nikatunga mwingine," anasema. "Mke wangu Adela akausikiliza mpaka mwisho, akaniambia, baba, huu ni wa mazishi."

Na simu je, aliitupa? Mzee alishangaa kuulizwa hivyo. Aliizika kwenye ghala, katikati ya ulezi. "Ulezi wangu una miaka minne, haujabunguliwa hata punje. Nikasema na simu ikae humo humo." Akazamisha mkono mpaka begani, akapapasa, akaibuka nayo.

Bertila hakucheka safari hii; nusura azimie. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto, na mzee alikuwa ameilaza na chakula cha familia. Aliitoa pale pale uani, kila mtu akiwa amesimama mbali, na tangu siku hiyo anawaomba wateja wake wote: betri ikivimba, iondoke ndani ya nyumba, iende kwa fundi, na motoni isisogezwe kabisa.

Kupata betri ya simu ya zamani namna ile ndiko kulikomla wiki tano. Ya kwanza ililetwa ikawa ndefu kuliko nafasi yake. Ya pili ndiyo inayosubiriwa leo.

Mzee Kasimiri amefika tangu saa tatu, amevaa koti lake la kanisani. Salome amemletea chai na mgebuka wa kukaanga. Haula, anautazama tu. Saa nane mchana kifurushi kinafika. Bertila anaipachika betri, inaingia sawasawa, anabonyeza kitufe.

Kimya.

Anachomeka chaja. Kimya vile vile. Anabadilisha waya, anabadilisha chaja, anafuta jasho, na hii ni Julai. Mzee anatoa rozari mfukoni na kuanza kuihesabu.

"Babu, subiri kwanza," Bertila anasema. Anachukua tochi, anachungulia tundu la chaji, halafu anaangua kicheko cha kumshtua hata Salome na samaki wake. Anaingiza pini taratibu. Inatoka punje ya ulezi. Anaingiza tena, nyingine. Ya tatu imejishindilia kule ndani kabisa na inamchukua dakika kumi. Anachomeka chaja, na alama ya kijani inatokea kwenye kioo.

Wanasubiri robo saa, kisha simu inawaka, nyepesi, bila kusitasita. Nyimbo zote thelathini na moja zipo. Bertila anagusa wa kwanza, na sauti ya mzee inajaza kibanda: "Alelu… we mbuzi! Toka kwenye mahindi!… luya." Wapita njia wanasimama. Mzee anaziba uso kwa kofia.

Wimbo wa miaka hamsini ni wa ishirini na sita. Unasikika upepo, unasikika hatua zake kwenye majani, halafu ubeti wa kwanza unakuja. Mzee anaweka mikono magotini. Ubeti wa pili ameshaanza kuuitikia mwenyewe kwa besi ya chini, na machozi yanamtoka waziwazi, naye hana habari ya kuyafuta. Bertila anainakili kila sauti kwenye kadi mbili, moja ya mzee, moja ya kwaya.

Lakini mzee anakataa kuondoka na simu. Anataka ipimwe kwanza. Analala kwa ndugu yake mjini, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi yuko mbele ya ubao, mikono kwapani, akiikodolea macho simu yake kwenye ile nafasi ya kumi na mbili.

"Babu," Bertila anasema, "huu ubao ni wako. Wewe ndiye uliyeniambia simu inasikia baridi. Nilikucheka, halafu nikaenda kujipatia riziki kwa neno lako. Nisamehe sana."

"Mimi ningekuwa fundi, na mzee akaniletea simu iliyopikwa, hata mimi ningecheka," mzee anasema. "Tatizo hukunisikiliza mpaka mwisho."

Dakika arobaini zinapita. Simu tatu zinazima ubaoni. Ya Mzee Kasimiri inabaki inawaka.

Kwaya ilijifunza wimbo ule Jumamosi hiyo hiyo mchana, ikiusikiliza kutoka kwenye simu, na Jumapili ukaimbwa wote, beti nne, watu wakapiga vigelegele kabla haujaisha. Kwenye matangazo Mzee Kasimiri alisimama, akainua simu juu. "Hii walisema imekufa," akawaambia waumini. "Ilikuwa inasikia baridi tu. Na aliyesema imekufa ndiye huyo pale, aliyeifufua." Kwenye benchi la tatu, Bertila alijifunika uso mzima na kitenge chake.

Mpango wake sasa ni kuwa na meza Chala kila siku ya mnada, na kuwafundisha wasichana wawili wa huko kazi hii, kuanzia na kusikiliza. Ubao utakwenda naye. Baridi ya Chala, anasema, haina mchezo.

Na bado kuna watu watano. Kama uliwahi kuingia kwenye duka la simu Majengo, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa akakupa pole na kukwambia simu yako imekufa, fundi Bertila anakutafuta. Betri utanunua, kazi ni bure.

"Waniletee," anasema, akiupangusa ubao wake. "Hata kama wameificha kwenye ulezi. Pini ninayo."