Mkono wa Nakala ya Tano

Katika ofisi yetu ya kupitisha mizigo mpakani Malaba, mpiga taipu alipimwa kwa nakala ya tano. Kila hati ya mzigo ilichapwa kwa karatasi tano zilizopangwa pamoja, na kaboni katikati. Ya juu ilibaki forodhani upande wetu. Ya mwisho ilivuka daraja pamoja na lori hadi upande wa Uganda. Ofisa wa kule akishindwa kuisoma, lori lilirudi, na dereva akatuletea matusi aliyoyakusanya tangu Mombasa. Kwa hiyo tulizigonga herufi kwa nguvu. Ule mguso mwepesi tuliofundishwa chuoni ulifika nakala ya tatu tu.

Yangu ilisomeka. Tajiri wetu, mzee Mwislamu mwenye ofisi kubwa Busia mjini, alitupitia kila Jumamosi, na mara nyingi aliinua nakala yangu ya tano mlangoni kwenye mwanga, akiwaonyesha madereva. "Huyu ana mkono mzito," alisema. Madereva walicheka, kwa kuwa mkono mzito ni wa bahili. Mmoja aliniuliza kama ndiyo sababu chai ya ofisi haikuwa na sukari.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya sabini, mvua za masika zilipoanza, kifundo cha mkono wangu wa kulia kilianza kuamka kigumu. Nilidhani ni baridi. Baadaye maumivu yakashuka hadi kwenye dole gumba, na alasiri vidole vilikufa ganzi hata nikawa natazama kama kweli vimegusa herufi. Nyumbani sikuweza kukamua nguo. Siku niliposhindwa kusonga ugali, mwiko ukanitoka nikauacha umesimama ndani ya sufuria, nilikaa kitandani nikaogopa.

Nilijitibu nilivyojua. Asubuhi niliuloweka mkono katika maji ya moto yenye chumvi. Dereva mmoja alinikatia ukanda wa tyubu ya lori, akaniambia nijifunge nao bila wasiwasi kwa sababu umeshabeba simenti mpaka Kampala. Nilijifunga, nikashusha mkono wa sweta juu yake. Jioni nilipaka dawa ya kuchua, ile ya chupa yenye harufu inayomtangulia mtu mlangoni.

Nilificha kwa sababu ofisi zile hazikuwa na wagonjwa. Zilikuwa na waliopo na walioenda kwao. Mpiga taipu aliyekuwepo kabla yangu alianza kukohoa, na kiti chake ndicho nilichokalia.

Aliyejua ni mmoja tu, mwenzangu wa meza ya pili. Alikuwa mtu wa Khunyangu, mdogo kwangu kidogo, na tulipanga vyumba vinavyofuatana nyuma ya gesti ya madereva. Yeye ndiye aliyenikamulia nguo na kunisongea ugali, akinitania kwamba nimeolewa na yeye bila mahari. Jumamosi moja tajiri aliingia, akavuta pumzi, akauliza nani ananuka dawa. Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu alijibu kuwa ni yeye, kwamba alilima nyumbani kwao na mgongo ukamshika. Tajiri akampa pole. Tangu siku hiyo ile harufu ikawa yake, na mimi nikapumua.

Kisha tajiri akanunua mashine ya taipu ya umeme kwa ofisi ya Busia, pamoja na jenereta ya kuiendesha. Tuliitwa sote kuiona. Niliweka vidole, nikagusa tu, na herufi ikaruka yenyewe. Nilipochomoa karatasi, nakala ya tano ilikuwa nyeusi kama ya kwanza, na kifundo changu hakikuwa kimesema neno. Tajiri alitangaza kuwa mmoja wetu atahamia Busia kuitumia, na kwamba kwa kawaida ni mkubwa kazini.

Tukirudi Malaba nilimwambia mwenzangu kuwa mashine ile ingeniponya, na kwamba nikibaki na ya zamani sitamaliza mwaka. Alisema itakuwa yangu, nani mwingine. Alinibebea na kikapu.

Jumamosi iliyofuata tajiri aliniita nje, pembeni ya foleni ya malori. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Dada, pole na mkono."

Nilimuuliza mkono gani. Aliutazama mkono wa sweta yangu, mahali pale pale penye tyubu, na nikajua ameambiwa hadi ni mkono upi. Alisema amesikia kwamba vidole havisikii tena, na kwamba hata kupika napikiwa. Ile mashine ilikuwa ghali, ilihitaji mtu mwenye mkono mzima. Nilijaribu kumweleza kwamba ile haihitaji nguvu, kwamba mkono mbovu ndio hasa unaoifaa. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto akieleza kwa nini apewe baiskeli.

"Mashine mpya kwa mkono mgonjwa?" alisema. "Hapana, dada. Wewe kaa na hii umeizoea."

Mwenzangu alikuwa akipanga kaboni nilipoingia. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Mzee aliniuliza," alisema bila kuinua macho. "Ungetaka nidanganye?"

"Si ulidanganya kuhusu harufu?"

Aliingiza karatasi kwenye mashine, akazinyoosha, akaanza kupiga. Yalikuwa maneno tuliyokuwa tukiyapiga kila siku, namba ya lori, aina ya mzigo, na alikosea akafuta.

Alihamia Busia mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na mashine ya zamani na kazi ya watu wawili, na siku ya kwanza peke yangu niliamua sitagonga tena. Nilichapa nakala tatu, nikabadilisha kaboni, nikachapa mbili nyingine kwa mguso wa chuoni. Kila hati ikachukua muda mara mbili. Foleni ilirefuka kupita gesti, madereva wakaja dirishani kuniuliza kama naandika Kurani. Tajiri alipofika alipiga kelele hadi wauza ndizi wakageuka. Nilimwambia huo ndio mkono mgonjwa aliouacha Malaba, na akitaka mwingine atafute. Hakuwa naye mwingine. Alimtukana aliyemuuzia ile jenereta, akaondoka, nikaendelea hivyo hivyo.

Mwenzangu alikuja siku moja na gari la ofisi kuchukua hati. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa viatu vipya. Aliuliza habari za gesti, akacheka kitu alichosema dereva, kisha akanyoosha mkono anisalimu. Nilimwonyesha vidole vyangu, vyeusi kwa kaboni. Kwetu, mtu mwenye mkono mchafu hutoa kifundo, mwenzake akishike hapo, na salamu inakuwa imekamilika. Alingoja, mkono wake ukiwa bado hewani juu ya meza.

Nilivuta sweta hadi kwenye vidole, nikamwambia hati zake ziko pale mlangoni.