Baba wa mchumba wangu alipokuja kukagua kama "work from home" ni kazi kweli

Wakuu, habari za muda huu.

Hili limenikuta mimi mwenyewe hapa Kigoma. Anayedhani natunga aje Buzebazeba nimwonyeshe laptop yenye kona iliyopasuka.

Kazi yangu ni kujibu wateja wa kampuni moja ya utalii ya Dar. Ofisi ni chumba changu cha kupanga. Meza, laptop, headset, basi.

Shida ya kufanyia kazi nyumbani huku kwetu ni kwamba hakuna anayeamini unafanya kazi.

Mama mwenye nyumba akianika dagaa uani ananigongea: "Baba, we si upo tu, niangalizie kunguru." Basi niko na mteja wa Ulaya analalamika begi lake limepotea, huku nachungulia dirishani nafukuza kunguru kwa mouse pad.

Hayo nilivumilia. Balaa lilianza nilipopeleka posa Ujiji.

Mchumba wangu anaitwa Zai. Baba yake ana mitumbwi ya kuvulia dagaa kwa taa usiku pale Kibirizi, na adhana ya alfajiri inamkuta keshaamka kitambo. Kwake yeye, mwanaume anayeonekana nyumbani saa nne asubuhi ama anaumwa ama kafukuzwa kazi.

Washenga wangu walirudi na jibu moja: mzee atakuja kuiona hiyo kazi kwa macho yake. Akikuta hakuna kitu, Zai anaolewa na mnunuzi wa kahawa wa Kalinzi, mwenye pikapu.

Wakuu, niliogopa. Nampenda yule binti mpaka naona aibu kuandika hapa.

Nikaingia madukani kwa hasira. Monitor ya pili, kiti cha kuzunguka, keyboard ya kuwaka taa, na ring light, ile taa ya duara ya kujimulika kwenye video. Ile monitor haikuwa hata na waya wa kuunganishia, lakini niliiweka hivyo hivyo, ipendezeshe meza. (Msinicheke, na nyie mna vitu vyenu.)

Mzee hakusema anakuja lini. Akaja asubuhi ya kikao, niko kwenye video call, na Madam, bosi wetu, anasoma makosa ya kila mtu. Juu nimevaa shati na tai. Chini msuli.

Hodi! Akaingia mzee na dada yake, shangazi yake Zai.

Sasa niambieni, mngefanyaje? Mkwe mtarajiwa kasimama mlangoni, wewe ukae kwenye kiti kinachozunguka na madude masikioni? Mama yangu hakunilea hivyo. Nikasimama, nikainama, mikono miwili mbele: "Shikamoo mzee!"

Nilisahau kuwa headset ina waya.

Laptop ikaburutwa mezani, ikatua sakafuni kwa kona. Pini ya headset ikachomoka. Nikajua na laptop imekufa.

Mzee wala hakuiangalia. Macho yake yalikuwa kwenye ring light.

"Taa mchana kweupe," akasema. "Unavua dagaa humu ndani?"

"Ego," shangazi akaitikia kwa Kiha. "Na tai yote hiyo, chini msuli. Kaka, twende zetu. Hapa hakuna kazi."

Mzee akageuka kweli. Nilishaiona ile pikapu ya Kalinzi imembeba Zai wangu.

Ndipo sauti ikatoka sakafuni. Laptop haikufa, wakuu, na bila headset ilisikika nyumba nzima.

"Wewe wa Kigoma! Umeenda wapi? Naona dari tu hapa! Mteja wa jana hujamjibu, leo unanitoroka kikaoni? Rudi kwenye kiti sasa hivi, mshahara naulipa wa nini?"

Mzee akasimama.

"Nani huyo?"

"Bosi wangu, mzee."

"Anakufokea?"

"Kila siku, mzee."

"Na wewe unamsikiliza tu?"

"Nitafanyaje mzee, ndiyo kazi yenyewe."

Akamtazama dada yake. Kisha akarudi ndani taratibu, akachuchumaa mbele ya laptop, akapaza sauti kama anaita mtumbwi ulioko mbali:

"Mama, msamehe kijana! Mimi ndiye mkwe wake, nimemchelewesha!"

Mkwe wake. Wakuu, nilikaa chini pale pale na tai yangu.

Madam akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Shikamoo baba."

Zai ni mke wangu sasa. Kuhusu ring light msiniulize, mzee aliiomba akaijaribu ziwani.

Nilichojifunza: mzazi wa kwetu humshawishi kwa monitor mbili. Kwake kazi ni pale ambapo kuna mtu wa kukufokea na bado kesho unarudi. Kwa hiyo kabla hujanunua kiti cha kuzunguka, tafuta kwanza spika yenye sauti.

Na nyie mnaofanyia kazi nyumbani, wakwe zenu mliwaaminisha vipi? Shusheni hapo chini, na wa kucheka msuli wacheke.

Mzee bado ananipigia simu asubuhi. Akishapokea salamu swali lake ni lile lile: "Leo umefokewa?"

Nikimjibu "Nimefokewa, mzee," anasema alhamdulillah, anakata simu.